Namba Moja, Wazee Sitini na Mmoja

3 Februari

Kwa kitindamimba wetu,

Hujambo mdogo wangu? Wifi yangu na watoto hawajambo? Mimi mzima, isipokuwa mgongo, nao una haki ya kulalamika, maana umekaa kiti kimoja cha keshia miaka thelathini na moja. Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa benki unaokuja huko makao makuu kila Alhamisi. Meneja anasema nao unafutwa karibuni, basi acha nifaidi.

Hapa hali si hali. Kampuni ya simu imeweka wakala duka la mkabala na mlango wetu. Benki shindani inafungua akaunti kwa dakika tatu, mtu yuko kwake kajilaza kitandani. Vijana wametuhama. Waliobaki ni wazee wangu. Sasa umekuja waraka: tawi lisilofikisha asilimia themanini ya wateja waliosajiliwa huduma ya simu kufikia mwisho wa Machi litafungwa. Sisi tuko arobaini na sita! Nami nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Tukifungwa kabla, kiinua mgongo changu kitakatwa nusu.

Wewe uko huko, kwenye kitengo cha kunasa wezi kwa kompyuta. Ukisikia lolote, usininyime.

Dada yako

12 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto kikohozi kimemwachia. Wifi yako anasema pumzisha mgongo.

Waraka ni wa kweli. Orodha ya matawi ya kufungwa inatolewa na kompyuta, hakuna mtu wa kumpigia magoti. Hapa pia tunatazamana tu, kwani wameleta mfumo mpya na kila mmoja anahesabu nani ataondoka. Dada, sajilini watu. Fanya ufanyavyo, mradi asilimia ifike.

Mdogo wako

2 Aprili

Kitindamimba,

Salamu nyingi! Wazima wote? Leo hata mgongo umesahau kuuma. Themanini na moja! Tumepona!

Nikueleze ucheke. Tulizunguka sokoni na makaratasi mpaka viatu vikafunguka soli, tukafika sitini na tisa, tukakwama. Wazee wangu sitini na mmoja hawana simu, na wenye nazo hawaoni maandishi. Na mfumo wenu bila namba ya simu hausogei hata hatua. Basi nikakumbuka ulivyoniambia, nifanye nifanyavyo. Nikanunua laini mpya, nikawasajili wote kwa namba hiyo moja, kila mtu kwa ridhaa yake. Mzee akija dirishani, simu inalia mkobani mwangu, namsomea namba ya siri, anapata pesa yake, anaondoka. Mmoja wao, dereva wa treni mstaafu, ananiita Simu ya Mezani. Mfumo haukukataa hata mara moja, nikasema ahsante Mungu, kumbe na kompyuta ina huruma.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usitumie tena mfuko wa benki, tumia posta. Hiyo laini izime leo leo.

Jumatatu kompyuta ilinitolea namba moja ya simu iliyoshika akaunti sitini na moja, zote za wazee, zote za tawi moja. Kwetu huo ni wizi wa wazi wazi. Namba sikuijua, nikaandika ripoti nikaipeleka kwa wakaguzi. Bosi alinipigia makofi mbele ya wenzangu. Jumanne barua yako ikafika. Nimeisoma chooni, nimejifungia.

Nina siku kumi za kuiondoa ripoti, nikieleza kwa maandishi sababu. Nipe nafasi nifikiri.

Mdogo wako

14 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi siwezi kusema sijambo.

Unafikiri nini? Sababu si unayo? Andika kwamba unamjua mwenye laini, kwamba ni keshia mzee aliyefanya ujinga, si mwizi. Hakuna mzee aliyepoteza hata senti, waangalie akaunti moja moja. Nimekosea, sawa, waniandikie onyo, wanihamishe, nitafagia sakafu. Ila wasiniite mwizi baada ya miaka yote hii. Sijawahi kukuomba kitu tangu nilipokupeleka shule kwa mshahara wa dirisha hili. Leo nakuomba.

Dada yako

3 Mei

Dada,

Shikamoo. Najua umekuwa ukingoja. Siku kumi zilipita.

Kila asubuhi nilifungua ile ripoti. Nikiandika kwamba nakujua, wataniuliza nilijua lini, na nani alikuambia ufanye ufanyavyo. Kitengo chetu kilikuwa na watu wanane, Ijumaa wamebakiza watatu, mimi mmoja wao. Wamenibakiza kwa ripoti ile. Niliogopa, dada. Sina neno lingine la kupamba. Niliogopa tu.

Mdogo wako

21 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini nyote ni wazima. Mimi mzima wa mwili.

Wakaguzi walikuja Jumatatu, wawili, vijana wenye adabu, wakaniita mama. Wazee walijaa kwenye benchi. Yule dereva wa treni akasimama akawaambia, "Huyu ndiye simu yetu, mkimwondoa sisi tutaongea na nani?" Wakayaandika maneno yake. Nahisi waliyaandika kama ushahidi wa kunikandamiza.

Nimefukuzwa. Kiinua mgongo hakuna, hata hiyo nusu. Wazee wale wamefutwa kwenye hesabu, tawi limerudi sitini na tisa, linafungwa mwisho wa mwezi. Meneja alilia, mtu mzima yule, nikambembeleza mimi.

Mwisho wakaniuliza kama nina ndugu yeyote anayefanya kazi benki hii. Barua zako zilikuwa kwenye mkoba, juu ya mapaja yangu. Nikasema sina. Nilisema hivyo ili wasikufikie, maana una watoto, na kazi yangu ilikuwa imeshakwenda. Lakini sitakudanganya. Nilidhani neno hilo lingenikwama kooni, na halikunikwama. Yule kijana akaandika "hana", akanigeuzia karatasi, nikaisoma mara mbili, nikatia sahihi.

Barua zako nimezichoma. Nawe usinijibu.

Dada