Maji ya majani ya Salim

Mama, shikamoo.

Huku Kampala mvua na jua vinapokezana, na Salim amejaa vipele mgongoni. Wifi yangu anasema dawa ni kyogero, maji ya majani ambayo watoto wa hapa huogeshwa na kunyweshwa kidogo. Jana akanipeleka soko la Wandegeya. Pale kwa mama muuza majani tukamkuta dada wa chuo kikuu ananunua fungu kama letu, akalipime maabara. Nikamuuliza kama yanafaa.

"Kwenye chupa za maabara yanaua vijidudu," akasema. "Kwa mtoto bado hatujui. Tena kila fungu lina mchanganyiko wake."

Muuzaji akacheka. "Na mtoto wako unamwogesha na nini?"

"Kyogero," akajibu taratibu. "Mama yangu ndiye anayeleta."

Nimerudi kichwa kizito kuliko mtoto niliyembeba. Nimeamua kumwogesha tu, mdomoni hakiingii kitu, na wifi amenuna. Mimi mdogo ulininywesha nini, mama? Niambie ukweli, sitakasirika.

Usiku utulalie na sehemu yetu ya usingizi, maana Salim hatuachi tulale.

Mwanao,
Zuhura