Niliwaambia Wazee Kwamba Sikujua

Kihesa, Iringa. Alhamisi, Julai 1957.

Baridi ya leo imetoboa mpaka kwenye blanketi. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria. Nimerudi jana kutoka Mbeya, siku mbili ndani ya basi, miguu imevimba. Baba Tumaini ameenda kazini bomani, mtoto anacheza mlangoni. Ninaandika sasa kabla sijapata kisingizio cha kutoandika.

Kwa mwaka mmoja na nusu nimeandika katika daftari hili habari za mvua, za viazi, za meno ya mtoto. Jambo lenyewe sijawahi kuliandika.

Nilisema uongo mbele ya wazee wa kanisa, na rafiki yangu akaadhibiwa badala yangu.

Wakati ule tulikaa kilimani juu ya mji wa Mbeya. Baba Tumaini alikuwa karani wa boma na mzee wa kanisa. Jirani yangu alikuwa Anyisile. Tulisoma darasa moja la ubatizo, tukaolewa mwaka mmoja. Mume wake alikuwa ametoka kwenda migodini kusini, naye alibaki na mimba changa.

Tumaini alikuwa na mwaka na nusu alipougua kifua. Alipumua kama anayevuta kamba. Baba yake alikuwa safarini na Bwana Shauri, yule mzungu wa boma, wiki nzima. Nilisali siku mbili, na siku ya tatu nikaona kwamba Mungu amenyamaza. Basi nikambeba mtoto nikateremka bondeni kwa nyuma, kwa mganga ambaye kanisani tulikatazwa hata kutaja jina lake. Alimchanja mtoto kifuani, akamfunga shingoni kipembe kidogo chenye dawa.

Anyisile alikuwa ameona nyumba yangu imefungwa, akaelewa. Alinikuta njiani narudi. Hakunigombeza. Alimshika Tumaini, akasikiliza kifua chake, akasema, "Mama Tumaini, huyu hafiki kesho bila sindano. Nipe mtoto. Na hicho cha shingoni nipe, nitakitupa mtoni."

Alifunga kile kipembe kwenye pindo la nguo yake, akamweka mtoto mgongoni, na mimba yake ile, akashuka karibu kwa kukimbia kwenda dispensari ya misheni. Mimi miguu ilikuwa imekwisha. Aliniambia nipite nyumbani nichukue blanketi nimfuate.

Nilipofika, Tumaini alikuwa ameshachomwa sindano. Na kipembe kilikuwa juu ya meza ya dresa, mhudumu wa dispensari. Kilikuwa kimeanguka Anyisile alipofungua nguo kumshusha mtoto.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amemwona pia akitokea njia ile ya bondeni. Ikawa habari: Anyisile amemchukua mtoto wa watu akampeleka kwa mganga.

Wazee walituita. Baba Tumaini alikuwa amesharudi, ameketi mezani na daftari la kumbukumbu. Walimwuliza Anyisile dawa ile ni ya nani. Alinyamaza. Wakamwuliza tena, akanitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. Ndipo mchungaji akageuka kwangu.

"Mama, wewe ulijua?"

Nikasema, "Sikujua."

Neno moja. Sikulazimishwa, sikubanwa. Nilimwona mume wangu ameshika kalamu, nikaogopa uso wake, basi.

Walimtenga na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Hakutubu, kwa sababu hakuwa na la kutubu. Jina lake lilisomwa Jumapili nami nimekaa benchi la pili. Kila Jumapili alikuja, akakaa karibu na mlango, na wenzake walipokwenda mezani alibaki ameinama. Akina mama waliacha kumsaidia kulima. Nami niliacha. Nikimwona kisimani nilingoja aondoke.

Mwaka jana katikati alijifungua msichana, akamwita Lusajo. Hakubatizwa, maana mama yake alikuwa ametengwa. Muda si mrefu Baba Tumaini akahamishiwa Iringa. Nakumbuka nilipanda juu ya lori pamoja na vyombo vyetu, na nilifurahi. Hilo nalo niliandike. Nilifurahi kwa sababu nisingemwona tena.

Juni hii ilifika barua kutoka kwa dada yangu. Katikati ya habari za mavuno ameandika kwamba Lusajo alikufa Machi, kwa kifua. Mvua ilikuwa kubwa na hapakuwa na mtu wa kumsaidia mama yake kumpeleka dispensari, alibebwa amechelewa. Alizikwa pembeni ya shamba bila kengele na bila mchungaji. Walikuwepo shemeji yake na bibi mmoja jirani.

Nilisoma barua ile nikiwa nimempakata Tumaini.

Nilikaa nayo siku kadhaa. Nilipika, nikafua, nikaimba kanisani. Nilijaribu kusali na nikashindwa hata kusema Baba Yetu, kwa sababu nilipofika penye kusamehewa makosa, ulimi ulikwama. Nilikuwa naomba nini, na kwa uso gani?

Nilimwambia mume wangu Jumapili baada ya chakula. Nilisema yote, tangu bondeni mpaka kwenye lile neno. Hakupiga kelele. Alinawa mikono, akakaa, akaitazama mikono yenyewe.

"Jina lake niliandika mimi," akasema. "Kwa mkono huu."

Halafu hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu alisema ataandika barua kwa mchungaji wa kule, inatosha. Nikamjibu kwamba sikusema uongo kwa barua. Ndipo akaenda kuulizia basi.

Safari yote nilitafuta maneno mazuri. Tulipita Mafinga, mbao zimepangwa kando ya barabara, tulilala Makambako, na kote huko nilikuwa natunga hotuba. Nilipanga kueleza hofu, ujana wangu, ugonjwa wa mtoto. Tulipoanza kuona milima ya Mbeya nikagundua kwamba kila sentensi yangu ilikuwa inanitetea. Nikaziacha.

Jumapili, kabla ya neema ya kufunga ibada, mchungaji alinipa nafasi niliyomwomba. Nilisimama nikashika benchi. Nilisema: "Kwa mganga nilikwenda mimi. Anyisile alinirudisha, akamwokoa mtoto wangu. Mliponiuliza kama nilijua, nilisema uongo."

Nilisikia mtu mmoja akikohoa. Yule mzee aliyekuwa amemwona njiani alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Mchungaji, mtu mzima sana siku hizi, alishuka kutoka mbele, akatembea mpaka kwenye benchi la mlangoni, akapiga magoti mbele ya Anyisile juu ya sakafu. Sikutegemea hilo. Nilidhani aibu yote ingekuwa yangu peke yangu.

Anyisile hakulia. Alimshika mchungaji mkono akamwinua kwa sababu ya umri wake. Kisha akatoka nje kabla ya wimbo wa mwisho.

Nilimfuata kwake. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Amekonda, na shavu lake la kushoto lina kovu la moto ambalo silijui, maana sikuwepo. Nilipiga magoti, akaniambia nikae kwenye kigoda kama watu.

Nilimwuliza kwa nini hakunitaja.

"Ulikuwa bado unanyonyesha," akasema. "Nilijua Baba Tumaini angekurudisha kwenu, na mtoto angebaki. Nikasema acha apone kwanza, mama yake atasema mwenyewe. Kila Jumapili nilikuwa nasema, leo atasimama. Mpaka lori likaondoka."

Nilikusanya maganda ya viazi miguuni pake.

Baadaye, kwa kuwa nilikuwa na njaa ya kujua zaidi kuliko aibu, nilimwuliza aliwezaje kuendelea kuja kanisani baada ya kumzika Lusajo vile. Aliendelea kumenya. Akasema mwanzoni alikuja kwa hasira, ili tumwone. Baada ya msiba hasira iliishiwa nguvu, akabaki tu anakaa pale. Akasema, "Waliniondoa mezani. Hawakuniondoa kwa Mungu. Nikipalilia nilikuwa nasema naye, mengine maneno mabaya kabisa, na alinisikiliza. Yeye na bibi jirani. Wengine hamkuwepo."

Nikamwomba msamaha. Akaweka kisu chini.

"Bado, Mama Tumaini. Naomba nipewe huo moyo. Ukija nitakuambia, lakini leo sitasema kwa mdomo jambo ambalo ndani halijafika."

Nimekuwa Mkristo tangu nikiwa msichana na nimesikia mahubiri mengi juu ya msamaha. Hakuna neno lililonipa heshima kama hilo "bado".

Jumatatu mchungaji na wazee walikwenda shambani kwa Anyisile. Walisali kaburini, wakasoma, wakaandika jina la Lusajo katika kitabu cha kanisa. Ukungu ulikuwa mzito, tulisikiana zaidi ya kuonana. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Anyisile alirudishwa Mezani. Mimi nimetengwa miezi sita, na mchungaji wa hapa Iringa ameshaandikiwa.

Jana nilipofika, Baba Tumaini alinipokea mzigo. Aliniambia ameacha uzee wa kanisa mpaka hapo atakapoweza tena kushika kalamu kwa ajili ya watu. Kisha akanipa uji aliokuwa amepika mwenyewe, una madonge. Tulikunywa. Sijui kama amenisamehe naye. Ila amekaa kwenye kiti cha karibu.

Usiku nimelala. Nalisema hili kwa hofu. Nimesali Baba Yetu yote, polepole, mpaka amina, na ulimi haukukwama, na nikalala kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Asubuhi nikajiuliza kama nina haki ya amani hii, wakati yeye anaamka kwenye nyumba isiyo na mtoto. Nadhani sina. Nadhani ndiyo maana huitwa neema, na bado inaniuma kuipokea.

Jumapili wenzangu wakienda Mezani nitabaki kwenye benchi. Watu wa Kihesa wataniona. Nitakaa.

Jambo moja nimelichelewesha, maana ndilo gumu kuliko yote. Siku ya kuondoka, Anyisile alinisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipokuja akasema, "Uniandikie barua. Usiandike tena habari za msamaha. Niandikie Tumaini anasema nini siku hizi. Yule nilimbeba mimi."

Nimeahidi. Kesho asubuhi nitaandika kwamba anauita mwezi taa ya Mungu, kwamba anamwita paka shangazi, kwamba anauliza kwa nini mvua haipigi hodi. Nitayaandika yote bila kupunguza, kama alivyotaka. Lusajo angekuwa na mwaka mmoja sasa, ndiyo kwanza anaanza kusema mama.