Usipinde Shingo, Pinda Mshale

Shoga, nimejifungia chumbani. Usinipigie, atasikia.

Si unaujua ule mchezo wangu wa gofu wa kwenye simu? Na yule mpinzani nisiyemjua, anayejiita Kiboko? Leo upepo ulitoka kushoto, nikasogeza mshale wa kulengea kushoto kidogo tu, nikapiga huku nimepinda shingo kama kawaida yangu. Mpira ukaishia majini.

Kiboko akaniandikia: "Usipinde shingo, pinda mshale."

Shingo!! Shingo yangu ameionea wapi? Mume wangu kasafiri, mapazia nimefunga. Nywele zikanisimama.

Akapiga yeye, mpira ukatumbukia shimoni. Nikasikia yale makofi ya ushindi kwenye simu yangu... na ng'ambo ya ukuta pia. Chumbani kwa mama mkwe! Huyu huyu anayeniona nikicheza sebuleni kila siku, ninayemsomea ujumbe, eti simu zinamshinda!

Na Kiboko nilikuwa namwambia kila kitu. Kila kitu, shoga! Jana tu nimemwandikia, "Mchawi wangu kalala, tucheze."

Sasa hivi ameandika tena: "Mchezo umekwisha. Mchawi wako yuko jikoni, anakusubiri."