Alinifunza Domeni na Renji, Nami Nikamkosea kwa Kuku

Mshauri mpendwa, ningali naisikia ile "ko!" ya kidole cha Mwalimu Timiro kwenye ubao, nayo ndiyo iliyoniokoa, kwa maana mimi ni mwanafunzi wa chuo niliyetumwa hapa Muthara muhula huu kufanya mazoezi ya kufundisha hesabu, na kesho yake siku hiyo mkaguzi alikuwa aje kunisikiliza nikifundisha domeni na renji, mada niliyoikariri miaka yote bila kuielewa. Timiro, mama anayefundisha hesabu hapa shuleni, aliandika majina ya wakulima wawili kushoto, na kulia miraa, ndizi na kahawa, akavuta mshale kutoka kwa kila mkulima hadi alichopanda. Akauliza domeni, nikasema ni wale wakulima, mishale inakotoka, akakubali. Akauliza renji, nikataja mimea yote mitatu. Akagonga kahawa, ko!

"Nani hapa amepanda kahawa?"

"Hakuna."

"Mshale haujaifikia nawe unaihesabu? Renji ni vilivyofikiwa, dada, si kila kilichoketi kulia."

Nilielewa papo hapo, nikafundisha, mkaguzi akanipitisha, na kwa furaha nikaenda nyumbani Kanyakine, mama akachinja kuku, akampika, nikampelekea Timiro, akashukuru akitabasamu, kumbe kesho yake namkuta Mbaabu, bawabu wa shule, akisugua sufuria yetu. "Mwambie mama kuku alikuwa mtamu!" Ndipo nikakumbuka kwamba Timiro ni Mwislamu, asiyekula kilichochinjwa na sisi Wakristo. Tangu hapo namkwepa kwa aibu, naye ndiye rafiki pekee niliye naye hapa. Nifanyeje nisimpoteze?

Gatwiri, Muthara

Gatwiri, shukrani yako ni njema, ila uliiharakisha. Umekaa na mwalimu huyu muhula mzima, hukuwahi kuuliza anakula nini? Hata hivyo, alitabasamu ili asikuvunje moyo, nawe unamlipa kwa kumkimbia! Sasa ataona ulipata ulichotaka ukamtupa, na hilo ndilo litakalomuumiza. Acha kujifungia na mawazo. Nenda kwake, omba msamaha kwa maneno machache. Mpelekee kuku aliye hai, yeye na jamaa zake wamchinje wenyewe. Wakikualika, keti ule.

Gatwiri ametuandikia tena:

Asante, mshauri. Jumamosi nilibisha kwake na jogoo kwapani, akipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Timiro alicheka hadi akaketi mlangoni. "Na mimi nilidhani umenikasirikia kwa kumpa Mbaabu kuku wako!" Mumewe, Abdihakim, akamchukua jogoo kwenda kumchinja. Nami nikavua viatu, nikaingia ndani.