Paukwa Mbele ya Watu Hamsini na Wanane

Jumatatu, 26 Februari 2018

Vifungo sabini vimefika, kumi vina ufa. Hivyo kumi nimevirudisha. Vizibao kumi na vinne vya kijani, kila kimoja vifungo vitano, vya kwaya ya watoto ya Mama Nora. Faida amevikata vyote leo na kupoteza inchi tisa tu za kitambaa. Faida ni Mkongomani wa Bukavu, fundi wangu kwa mwaka wa sita sasa. Mdomo wake mkali kuliko mkasi.

Mama Nora ni bibi wa Kiayalandi, mwalimu mstaafu. Kila Jumamosi anafundisha watoto wa mtaa wetu huu wa Yeoville kuimba kwenye ukumbi wa kanisa. Bure. Nilimruhusu binti yangu Rehema kwa sababu ni bure, na kwa sababu Jumamosi niko mashineni hadi magharibi.

Maneno ya Kiswahili aliyonitamkia Rehema leo tangu arudi shule: manane. Shikamoo. Njaa. Ndiyo, mara tatu. Sitaki, mara mbili. Haya.

Ana miaka kumi na miwili, amezaliwa hapa. Baba yake yuko Durban na nyumba nyingine. Nimemlea kwa sindano.

Alhamisi, 1 Machi

Barua ya Mama Nora. Tarehe kumi na saba ni sikukuu ya kwao, ya mtakatifu wao Patriki. Wazazi waje alasiri. Kila nyumba ije na wimbo au kisa cha kwao, na moyo mkunjufu.

Rehema alinisomea, akaikunja. "Si lazima uende, Ma." Kwa Kiswahili! Maneno manne, na yote manne yakaniuma.

Nitakwenda. Miaka kumi na tano katika mji huu na hakuna aliyewahi kuniuliza kisa cha kwetu. Wameniuliza kibali, risiti, na narudi lini.

Jumapili, 4 Machi

Nimempigia simu mama yangu, Tanga. Nimechagua kisa cha nyoka aliyekwenda kwa fundi kushonewa kanzu. Katikati nilishasahau, akanipa chote kwenye simu, dakika ishirini na sita. Fundi anapima na kupima, bega halioni. Nyoka anaimba: Fundi pima, fundi pima, bega langu liko wapi? Wasikilizaji wanaitika: Halipo!

Mama akauliza nani ataniitikia huku ugenini. Nikamwambia mjukuu wako. Akasema:

"Basi hujapotea, mwanangu."

Nililia jikoni baada ya kukata simu. Si kwa furaha. Niliogopa nimemuahidi kitu ambacho si changu.

Ijumaa, 9 Machi

Siku ya tano ya mazoezi, kila baada ya chakula. Paukwa! Pakawa! Jumatatu Rehema aliitika kama mtoto anayeburutwa kwenda kunyolewa. Leo, pale fundi anapomwambia nyoka anyooshe mikono, alicheka. Alicheka kweli, kichwa nyuma. Akauliza kanzu ilitoka na urefu gani. Nikamwambia inchi themanini na moja, mikono hakuna. Akacheka tena.

Maneno ya leo: mia moja na kumi na mawili. Sijawahi kufurahia kitu kidogo hivi. Nikajionea haya.

Jumanne, 13 Machi

Kizibao cha mwisho kimepigwa pasi. Faida alivaa kimoja kichwani kama kilemba, akazunguka mashine zote nne. "Mama Rehema, Siku ya Posho uko nacheza na Wazungu! Utuletee bwana mwenye ndevu nyekundu!" Siku ya Posho kwao ni Jumamosi.

Halafu akaacha mchezo. "Lakini mutoto yako ataitika mbele ya marafiki yake? Yangu iko nanikana hata pa spaza, tukinunua mukate. Iko nasema mimi ni jirani."

Tukacheka wote. Mimi nikawa wa kwanza kuacha.

Usiku Rehema alisema amechoka. Aliitika Pakawa mara moja, macho kwenye simu. Naandika nisije nikasema sikuona.

Ijumaa, 16 Machi

Aliuliza kesho nitavaa nini. Nikamtolea kanga zangu mpya na baibui. Akasema lile gauni la bluu ni zuri zaidi.

Nitavaa gauni la bluu. Sijui kwa nini nimekubali. Najua.

Jumamosi, 17 Machi

Niandike kabla sijaanza kuyapamba yaliyotokea.

Ukumbini watu hamsini na wanane, nikiwemo. Mkate wa zabibu, chai, makaratasi ya kijani ukutani. Watoto wameimba nyimbo tatu, vizibao vimekaa vizuri, hakuna hata kimoja kilichovuta kwapani. Nilikuwa na fahari. Lazima niseme hivyo pia.

Kisha Mama Nora akaeleza desturi ya kwao. Aliyemaliza kuimba ndiye anayemtaja wa kufuata, na anayetajwa hakatai. Nikajua papo hapo. Rehema ndiye wa kwanza kuimba peke yake. Atanitaja mimi.

Aliimba kwa lugha ya Waayalandi wenyewe. Si Kiingereza, ile ya zamani. Beti nne nzima, bila karatasi. Wazee wa Kiayalandi wawili walifuta machozi. Mtoto wangu, lugha ya watu asiowajua, beti nne.

Akamaliza. Akanitazama. Safu ya tatu, kiti cha pembeni, hawezi kusema hakuniona. Nilikwisha kushika mkoba kusimama. Akamtaja mzee mmoja mwenye kodiani.

Nikauweka mkoba chini.

Mzee akapiga kodiani yake, watu kimya kama kaburini. Alipomaliza akanyoosha mkono kwangu: huyo mama aliyeshona vizibao. Alitaka kunienzi, simlaumu. Nikaenda mbele. Rehema alikuwa amesimama na wenzake hatua tano kutoka kwangu, Lerato rafiki yake kando.

Nikasema: Paukwa!

Kimya. Nikadhani hajasikia. Paukwa! Nikamgeukia. Alikuwa anatazama viatu vyake. Lerato akamnong'oneza kitu, Rehema akatikisa kichwa. Mara ya tatu nikaisema taratibu, si kwa ukumbi tena, kwake tu. Paukwa.

Nilihesabu mpaka tisa. Kisa hakianzi bila kuitikiwa. Huwezi kuingia nyumba ya mtu hodi haijajibiwa. Nikarudi kwenye kiti.

Wakapiga makofi. Wote. Walidhani ndiyo yote, ndiyo shairi lenyewe, neno moja mara tatu. Mzee wa kodiani alisimama kunipigia. Nikatabasamu. Nikamtaja mama wa Lerato, kwa sababu aliyemaliza lazima ataje.

Jumapili, 18 Machi

Hatukusemezana mpaka adhuhuri. Rehema alikuja mwenyewe, nikiwa naosha vyombo.

"Ma, mimi sikunyamaza kwa ubaya. Mama Nora alisema mtu akiwa mbele, kila mtu kimya. Hata kikombe usiweke chini. Ndiyo respect."

Nikamuuliza: na kabla ya hapo? Zamu ya kutaja ilikuwa yako.

Akachukua kitambaa, akafuta sahani mbili. Baadaye akasema kwa Kiingereza kwamba wenzake wanajua yeye ni wa hapa. Mwaka jana shuleni kuna mtoto wa Kimalawi alisikika akiongea lugha ya kwao na mama yake getini, mpaka leo wanamwita makwerekwere, tusi la huku kwa wageni. Alisema hivyo bila kulia. Alishazipiga hesabu zake. Ni binti yangu.

Ningeweza kumchapa. Lakini nisingekuwa namchapa kwa uongo. Kila alilosema ni kweli, na ameniua.

Mama alipiga simu saa kumi. "Eh, niambie, wameitikaje?"

"Wameitika wote, mama. Ukumbi mzima."

"Na mjukuu wangu?"

"Yeye ndiye aliyewaongoza."

Akapiga kigelegele kwenye simu, na majirani zake wakamjibu. Niliwasikia. Uani kwa mama, Tanga, wanawake watatu au wanne wakishangilia kitu ambacho hakikutokea.

Jumatano, 21 Machi

Sikukuu ya taifa, duka limefungwa. Sijatoka kitandani mpaka saa nne. Haijanitokea tangu nifike nchi hii, hata mwaka wa fujo za kufukuza wageni, walipotuvunjia mlango. Mwaka ule nilipoteza mashine mbili, kesho yake nikatafuta nyingine. Hiki sijui kinatafutwa wapi.

Mchana Mama Nora alikuja na Faida, wamekutana ngazini. Alileta mkate wa zabibu. Akasema shairi langu limemkaa moyoni, kwao ukimya ndiyo zawadi kubwa unayompa mwimbaji. Akataka kujua lile neno lina maana gani.

Sikuweza kumwambia. Nimelisema tangu nipate meno na sijui maana yake. Neno lenyewe kazi yake ni kuitwa likasubiri jibu. Nikamwambia ni salamu.

Mama Nora alipoondoka, Faida alinitazama sana. Akakata mkate vipande, akasukuma cha kwangu. "Kula, dada." Hakunitania. Hapo ndipo nilipojua ninavyoonekana.

Rehema amekuwa mwema tangu Jumamosi. Anaosha vyombo bila kuambiwa. Anasema shikamoo asubuhi na jioni, sauti imenyooka, kama mtu anayesalimia mgonjwa. Mazoezi hayapo tena, hakuna aliyesema yameisha. Baada ya chakula kila mtu anachukua sahani yake.

Jumanne, 10 Aprili

Shule zimefunguliwa. Rehema amerudi na fomu ya sekondari ya mwakani, kurasa sita. Amejaza yote mwenyewe kwa herufi kubwa, safi. Tarehe ya kuzaliwa sawa. Anwani sawa. Kazi ya mama: fundi cherehani, mwenye duka. Aliandika mwenye duka bila mimi kumwambia.

Ukurasa wa tatu, lugha ya nyumbani: Kiingereza. Mstari unaofuata, lugha ya pili: Kizulu. Mistari ni hiyo miwili tu.

Alikaa upande wa pili wa meza akinisubiri. Nilisoma ukurasa huo mara mbili. Hakuna kosa hata moja. Alisoma uso wangu, akaanza kusema kitu, nikamwambia nipe kalamu.

Nimetia sahihi sehemu zote nne. Ameiingiza fomu kwenye mfuko wa plastiki isikunjike, akauweka juu ya begi lake karibu na mlango.