Walipomuuliza Yohana Badala Yako

Mama,

Shikamoo. Leo nakuandikia kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Kaka Yohana amelijengea kaburi lako hapa Lulindi kwa vigae vyeupe. Watu wanamsifu. Mimi nilipoviona niligeuka nikarudi nyumbani.

Unakikumbuka chumba kile cha daktari, Dar es Salaam? Alieleza vizuri: mlango mmoja wa moyo wako umekakamaa, damu inapita kwa shida, ndiyo maana pumzi inakukatika. Wangeweza kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakaweka mlango mpya bila kupasua kifua. Ila kwanza kompyuta ikadirie kama ungeishi baada ya hapo. Akaanza maswali, majibu akiyaingiza kwenye kompyuta. Akamtazama Yohana, si wewe.

"Anatembea mwenyewe?"

"Kwa shida, daktari. Ni mzee."

"Anapika? Anaoga mwenyewe?"

"Anasaidiwa."

Anasaidiwa na nani, Mama? Yohana alikuwa hajakanyaga Lulindi miaka mitatu! Wiki ile ile kabla ya safari uliokota korosho tangu asubuhi, unapumzika, unainuka tena. Uliponikuta nimekaa ukasema, "Mwanangu, korosho haziingii zenyewe kwenye gunia."

Kompyuta ikampima bibi wa kwenye maneno ya Yohana badala yako. Daktari akasema matumaini ni madogo mno, tukutunze nyumbani kwa vidonge.

Nami nilikuwepo. Nilifungua mdomo nikaufunga, eti kaka ndiye mkubwa. Na wewe! Mwalimu mzima, uliyekuwa ukimsahihisha hata padri, ulikunja kitenge magotini ukanyamaza. Kwa nini? Hukutaka kumwaibisha mwanao mbele ya mgeni? Ukaishi mwaka na kitu, mwisho ukawa unalala umekaa, unaomba tufungue dirisha, na dirisha liko wazi.

Labda mlango mpya usingekufaa. Labda ungefia mezani pale pale. Sijui, Mama. Hatutajua kamwe.

Baada ya arobaini nilimwambia Yohana yote usoni. Akalia. "Niliogopa," alisema. "Sikutaka afie mikononi mwa watu asiowajua." Nilimwacha alie. Sikumpa hata kitambaa.

Sasa mdogo wako, Mama mdogo Agnesi wa Newala, pumzi inamkatika vile vile. Tumepewa barua ya rufaa, tunaondoka Jumatatu kwenda Dar es Salaam. Jana nilipanda Newala, nikamwambia akiulizwa ajibu mwenyewe, aseme analima, anatwanga, anateka maji. Akacheka: "Na mguu unaouma nisiseme?" Nikamwambia sema, Mama mdogo, sema na mguu. Wampime yeye alivyo.

Nakuahidi, mtu yeyote akimjibia, nitasimama nimkatize, hata awe Yohana. Wakikadiria vibaya, iwe wamemkadiria yeye.

Kwaheri, Mama. Nakupenda, na bado nimekukasirikia.

Mwanao,
Neema