Pipa la Mwisho la Baba na Jaji wa Tano

S.L.P. 41,
Plum Run, Kentucky.
Aprili 19.

Mpendwa mdogo wangu Denzil,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na mkeo Marfa hajambo? Wale pacha wameacha kukohoa? Tumesikia huko Kodiak theluji bado imefika madirishani, nami nikasema afadhali yenu, theluji angalau inajulikana imetoka wapi. Magoti yangu ni yale yale, yananitangazia mvua kabla ya redio. Mama ni mzima wa mwili. Anakula maharage yake na mkate wa mahindi, ingawa siku hizi huacha nusu sahani na kusema ameshiba.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, mimi ningelia, na tungeishia kuzungumzia hali ya hewa. Basi kaa chini usome.

Nianze na kaburi. Jiwe la Baba limeanza kuwa jeusi. Ule ukungu unaoota kwenye kuta za maghala, unaolishwa na kileo kinachotoroka kwenye mapipa, kile wazee wanachokiita fungu la malaika, umevuka ukuta wa makaburini na kumfikia, na hata mwaka hajamaliza pale. Jirani zake waliozikwa tangu tukiwa wadogo, mawe yao bado meupe. Mama huenda Jumamosi na brashi na sabuni, analisugua jina mpaka lisomeke, na Jumamosi inayofuata analikuta limefunikwa tena. "Mzee huyu," alisema, "mpaka huko chini anadai fungu la malaika." Akacheka peke yake. Mimi nilitazama kando.

Sasa habari yenyewe. Unalikumbuka lile pipa la ghorofa ya sita ya ghala, juu kabisa karibu na bati, ambalo Baba alikataza mtu kuligusa? Lilikuwa la mwisho alilolichagua kwa mkono wake. Mama alilifungua Januari. Akajaza chupa, akazibandika jina la kwao, Hagan, kisha akazipeleka kwenye mashindano ya Louisville bila kunidokeza, na anajua fika kwamba mimi ni jaji pale. Kila mwaka waandaaji huniuliza kiwanda cha nyumbani ni kipi, ili wiski yetu isije mezani kwangu. Jina la Hagan halikumshtua mtu.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza baadaye.

"Ningekuambia ungekimbia. Nilitaka wewe mwenyewe umkute baba yako humo, bila kusukumwa."

Wewe unajua Baba alikuwa akitafuta nini. Medali za dhahabu za kawaida alizipata, zimejaa kabatini. Aliyoitaka ni ile dhahabu maradufu, ambayo haitolewi mpaka majaji wote watano wa meza waseme dhahabu bila mmoja kubaki. Kila mara alibakiwa na mmoja. "Dhahabu ya kura nne," alikuwa akisema, "ni pole iliyofungwa utepe." Kisha anakaa barazani kuwaza: huyo mmoja ni nani, na nilimkosea nini?

Basi siku yenyewe tulikaa watano, glasi nane mbele ya kila mtu, hakuna jina, hakuna chupa, ni namba tu. Pua kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo ili moto wa kileo usikuchome. Kisha unaonja, unatema ndooni, unasukutua kwa maji, unatafuna biskuti isiyo na ladha. Hakuna anayesema neno mpaka wote waandike. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na haijawahi kunitoa jasho.

Glasi ya tatu niliisogeza puani, na Baba alikuwa humo. Usinicheke. Ngozi ya viti vya lori lake, tumbaku mbichi iliyonyeshewa, na zile kokwa za jozi alizokuwa akizivunja kwa meno hata daktari alipomkataza. Halafu nyuma ya kiti changu mtu akakohoa mara mbili, vile alivyokuwa akikohoa kabla ya kutuombea chakula. Niligeuka. Palikuwa na ukuta.

Nikainua mkono. "Bwana Hensley, hii naijua. Siwezi kuipigia kura."

Hensley ndiye mkuu wa meza yetu, mzee wa taratibu. "Unaijua vipi?"

"Ni ya baba yangu."

Alinitazama, akavua miwani. "Haya, Arvella, nenda ukapate hewa. Hii tutaamua sisi wanne."

Nilisimama kwenye korido, paji la uso ukutani. Nilikuwa na furaha, Denzil, sitakuficha. Nilimwambia, Baba, umefika, mwachie Mungu yaliyobaki. Nikapangusa uso, nikarudi kwenye glasi zilizosalia kama mtu aliyetoka kusali.

Ilipofika zamu ya glasi ya sita, mikono minne ikapanda kwa dhahabu. Wangu ulibaki mezani. Mimi nilikuwa nimeandika fedha. Nawe unajua desturi: aliyebaki peke yake huambiwa arudi kwenye glasi.

"Arvella, uko peke yako," Hensley akasema. "Irudie."

Tobin, yule kijana mwenye baa mjini, akaingilia. "Dada, hiyo ukiipa fedha, mimi leo leo naacha kazi."

"Acha tu. Tutapata mwingine anayejua kutengeneza kokteli."

"Lakini umeionja kweli, au umeipita tu?"

"Nimeionja. Mti wa pipa umemeza ladha yote ya mahindi. Na mwishoni kuna uchungu, kama chai iliyosahauliwa jikoni."

"Uchungu huo ndio utamu wake!"

"Kwako wewe."

Niliirudia. Nikaisubiri ipoe mdomoni, nikatema, nikasema fedha. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha: usimhurumie mtu kwenye glasi. Basi sikumhurumia.

Alasiri majina yakafunuliwa. Glasi ya tatu ilitoka kwenye kiwanda kikubwa ng'ambo ya mto, Indiana, wiski changa ya watu ambao hawajawahi hata kupotea njia wakafika Plum Run. Glasi ya sita ilikuwa Hagan, pipa moja, ghorofa ya juu.

Wanasema damu nzito kuliko maji. Kama ni nzito kuliko wiski, mimi sijui tena.

Mama alikuwa ukumbini, safu ya pili, amevaa gauni la buluu alilolivaa kwenye mazishi. Nilimfuata kabla hajasikia kwa watu. Nikamwambia, "Mama, kura zilikuwa nne. Wa tano ni mimi."

Akaniuliza, "Hukumjua?"

"Sikumjua, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaokota mkoba wake. "Marehemu alikufa akimtafuta huyo mmoja," akasema, si kwa hasira, kama anayenieleza mahali tulipoegesha gari.

Tangu hapo kila siku tukimaliza kula anamimina kidogo, ananisogezea. "Yumo humu. Hebu tena, taratibu." Nami nanusa. Napata mwaloni, vanila, asali iliyoungua. Ni wiski nzuri, pengine kweli nilikuwa mkali nayo. Lakini ni mgeni, Denzil. Ningempita barabarani. Ningependa kumdanganya Mama lakini sauti yangu anaijua kuliko mimi mwenyewe, nikisema "nimempata", ananitolea macho na kusema, "Mwongo wewe."

Hilo ningelivumilia. Lakini Jumatatu aliishika glasi yake muda mrefu, akaiweka chini bila kuonja. "Wewe ndiye mwenye pua," akasema. "Labda mimi namnusa kwa sababu namtaka tu." Siku hiyo sahani yake ilirudi jikoni haijaguswa. Jana aliniuliza kama zile chupa zilizobaki tungezimwaga tu kwenye bomba la maji machafu, zisituchukulie nafasi. Tangu Januari mwanamke huyu ameamka kitandani kwa sababu ya pipa lile, na mimi nimemnyang'anya kwa neno moja.

Nami Baba hanipi nafasi. Nimemnusa benki. Nimemnusa kwenye foleni ya dawa. Wiki iliyopita dukani nilimfuata mzee wa watu hadi kwenye gari lake, mpaka akaniuliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo. Kile kikohozi nakisikia nikiwa naosha vyombo, mara mbili, halafu kimya, kama anangoja tuinamishe vichwa. Ninaogopa. Yuko kila mahali isipokuwa mahali alipojiweka mwenyewe, na sijui kama ananitafuta au ananikwepa.

Sasa ombi langu. Binamu yetu Clete anakuja huko mwezi ujao kwenye kazi za samaki, nami nimempa chupa ndogo iliyofungwa vizuri. Usikasirike. Najua ni mwaka wa tisa tangu uache pombe, na hakuna kitu katika ukoo huu ninachojivunia kuliko hicho. Sikuombi uonje. Fanya kama Baba alivyokuwa akifanya kabla glasi haijagusa mdomo wake: mimina kidogo kiganjani, sugua mikono mpaka majimaji yaishe na pua ibaki na nafaka na mti, kisha jifunike uso. Fanya nje ya nyumba, mchana, Marfa akiwa karibu. Ukiona hata hilo ni zito kwako, mpe chupa Clete aitupe baharini, nami sitauliza.

Shangazi Wilodean anakusalimu, anauliza pacha watumiwe soksi au hapana. Salamu pia kutoka kwa Padri Osgood, na kwa mjane wa Merle wa nyumba ya pili, aliyepona nyonga na sasa anatukanana na jogoo wetu kama zamani. Msalimu sana Marfa, umwambie samaki wa moshi walitufikia salama na Mama aliwala wote peke yake. Bwana awafunike huko kwenye baridi, na awarudishe nyumbani mkiwa nyote.

Ukimkuta Baba kwenye viganja vyako, mpigie Mama. Usipomkuta, mpigie Mama vilevile, umwambie umemkuta. Mimi usinieleze kamwe lipi lilikuwa kweli.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Arvella